Kima au paka? Njia mbili za kujikabidhi kwa Mungu katika Uhindu

Mtoto wa kima hubebwa na mama yake kwa sharti moja: ashike. Mama anaruka kutoka tawi hadi tawi, mtoto kang'ang'ania manyoya ya tumbo, na akiachia, anaanguka. Mtoto wa paka habebwi hivyo. Mama humdaka kwa meno kwenye ngozi ya ukosi, mtoto akalegea, miguu ikaning'inia, wala hashiki kitu. Kazi yake yote ni kulia nyau.

Watamil wa kusini mwa India wanaomwabudu Vishnu, mmoja wa miungu wakuu wa Uhindu, wamebishana juu ya wanyama hawa wawili kwa karne nyingi, na si ubishi wa barazani. Swali lao ni hili: mtu anapomkimbilia Mungu, ni nani anayemshika mwenzake? Ukitaka kuutuliza moyo kwa njia ya Kihindu ya ibada na kujikabidhi, utalikuta swali hilo mlangoni, hata kama hujawahi kufika India wala huna nia ya kubadili dini yako. Wengi huambiwa tu "jikabidhi, utapata amani", wakajaribu, wakarudi wamechanganyikiwa kuliko walivyokwenda. Mara nyingi aliyewashauri ni mtu wa paka na wao ni watu wa kima, au kinyume chake.

Walikotoka

Pande zote mbili zinamhesabu Ramanuja kuwa mwalimu wao. Mapokeo yanampa miaka 120, kuanzia 1017 hadi 1137, na makao yake yalikuwa Srirangam, kisiwa cha mto Kaveri ambako Vishnu huabudiwa akiwa amejinyoosha juu ya nyoka. Ramanuja alifundisha kwamba roho zote pamoja na ulimwengu ni kama mwili, na Mungu ndiye nafsi ya mwili huo. Mkono si kichwa, lakini mkono hauna uhai wa peke yake. Hivyo mtu na Mungu ni wawili kiasi cha kupendana, ila hawatengani kiasi cha kupotezana. Kabla yake walikuwapo Alvar, washairi 12 wa Kitamil, ambao beti zao zipatazo 4,000 huimbwa mahekaluni hadi leo.

Baadaye wafuasi waligawanyika. Vadakalai, watu wa kaskazini, waliegemea Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko, na mji wa Kanchipuram, na mwalimu wao mkuu ni Vedanta Desika, aliyezaliwa mwaka 1268. Hao ndio kima. Tenkalai, watu wa kusini, waliegemea Kitamil na Srirangam, na mwalimu wao mkuu ni Pillai Lokacharya. Hao ndio paka. Utawatambua kwa alama ya paji la uso: Vadakalai huchora umbo la U, Tenkalai huliongezea mguu unaoshuka juu ya pua, likawa kama Y. Wamewahi hata kushtakiana mahakamani juu ya nani aimbe utenzi gani katika hekalu la Kanchipuram. Naam, watu wanaofundisha amani ya moyo. Nalitaja mapema ili usije ukadhani kwamba kuchagua njia nzuri kunamwondolea mtu ubinadamu wake.

Kuna kisa kimoja kuhusu mmoja wa waalimu hao ninachokipenda. Majeshi ya Sultani wa Delhi yalipoivamia Srirangam katika karne ya 14, mapokeo yanasema ukuta ulijengwa haraka kuficha chumba kitakatifu, na Lokacharya, akiwa mzee sana, akatoroka na sanamu ile inayotembezwa siku za sherehe, akafia njiani karibu na Madurai. Yaani mwalimu wa paka, aliyefundisha kwamba sisi ndio tunaobebwa, alimaliza maisha yake akimbeba Mungu wake porini.

Tutalitafsirije neno lenyewe?

Kabla ya kulinganisha, tuelewane juu ya maneno. Bhakti ni ibada ya mapenzi. Kwa Ramanuja ni kumkumbuka Mungu bila kukatika, kama mafuta yanavyomiminika kutoka chombo kimoja hadi kingine kwa uzi mmoja. Prapatti, au sharanagati, ni kukimbilia hifadhi, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinatutega. Ukisema "kujisalimisha", msikilizaji anamwona jambazi kanyoosha mikono mbele ya polisi. "Kukata tamaa" ndiyo kabisa haifai, kwa kuwa prapatti ina imani ndani yake kuliko kitu kingine chochote. "Kutawakali" inakaribia sana, ila wengi wetu tumeizoea pamoja na yule ngamia: mfunge kwanza, kisha utawakali. (Ngamia aliyefungwa ni hoja ya kima, ukitaka kujua.)

Neno ninalolichagua ni kujikabidhi, na sababu imo katika msamiati wa Desika mwenyewe. Tendo hilo analiita bharanyasa, kuweka mzigo. Nyasa ni kuweka kitu mahali, kama mtu anavyoweka amana. Ukishaweka amana kwa mwaminifu huendi kila asubuhi kumwuliza kama bado ipo. Ukienda, hujaiweka, umeikodisha.

Ramana Maharshi, mwalimu wa kiroho aliyeishi chini ya mlima Arunachala, kusini mwa India, tangu 1896 hadi kufa kwake 1950, alilieleza kwa mfano wa treni: abiria amepanda, treni inambeba yeye na mizigo yake, lakini yeye bado kajitwika begi kichwani. Anaumia shingo bure. Treni haisaidiki, wala begi haliwahi kufika mapema. Ramana hakuwa wa Vadakalai wala Tenkalai, lakini sijapata mfano mwingine unaoeleza vizuri hivyo kwa nini kujikabidhi kunaleta utulivu. Hapunguziwi mtu mzigo, anaoneshwa tu kwamba hakuwa akiubeba peke yake.

Njia ya kima

Desika aliona tatizo la haki. Kama Mungu huokoa bila sababu yoyote kutoka kwa mtu, mbona huyu kaokolewa leo na yule bado? Ama anapendelea, ama hana uwezo, na yote mawili hayasemeki. Akajibu: Mungu anangoja kisingizio. Neno lake ni vyaja. Si bei, maana hakuna mtu anayeweza kununua wokovu, ni kisababu kidogo tu, kama mzazi anayesubiri mtoto aseme "samahani" ili amkumbatie, na moyoni alishamsamehe tangu jana.

Kisababu hicho kina sura sita: kukusudia yale yampendezayo Mungu, kuacha yale yasiyompendeza, kuamini kwa dhati kwamba atakulinda, kumwomba waziwazi awe mlinzi wako, kukiri kwamba huna uwezo mwingine, na mwisho kujiweka mikononi mwake. Tendo hilo hufanywa mara moja maishani, mara nyingi kwa kuongozwa na mwalimu. Yanayofuata, yaani sala, huduma ya hekalu, na chakula kinachotolewa kwa Mungu kabla ya kuliwa, hayalipii kitu. Ni shukrani.

Nje ya Utamilini roho hii ya kushika utaiona mahali pengi. Wafuasi wa Krishna, ambaye kwa Watamil wetu ni Vishnu aliyeshuka duniani, walio katika ISKCON, shirika lililoanzishwa New York mwaka 1966 na sasa lina mahekalu hata Afrika Mashariki, huahidi wanapoingizwa rasmi kutamka mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiwa, mizunguko 16 kila siku kwa uzi wa shanga 108. Piga hesabu: mara 1,728, kama saa mbili hivi. Na wanaacha nyama, vileo, kamari na zinaa. Theolojia yao ni tofauti na ya Desika, lakini tabia ni ile ile: mkono una kazi.

Njia hii inamfaa nani? Mtu aliyetawanyika. Kama amani yako inaibwa na uvivu, na simu, na siku zinazopita bila umbo, ukiambiwa "legea tu, Mungu atakubeba" utalala mpaka saa nne na kuiita hali hiyo imani. Wewe unahitaji shanga mkononi saa kumi na moja alfajiri. Baada ya miezi michache ya jina moja likirudiwa, akili huanza kuwa na mahali pa kurudi, na huo ni utulivu halisi, hata kama haujawa mkubwa.

Ubaya wake ni hesabu. Mtu wa kima huanza kuhesabu mizunguko yake, kisha ya jirani. Na ikiwa tangu mwanzo wewe ni mtu wa wasiwasi, utapata wasiwasi mpya wenye jina takatifu: je, nimeshika vya kutosha? Kidole kimoja kimeteleza jana usiku, itahesabika? Nimewaona watu waliokwenda kutafuta amani wakarudi na daftari la madeni.

Njia ya paka

Lokacharya anageuza swali. Unauliza ufanye nini ili Mungu akuchukue, na yeye amekuwa akikutafuta kabla hujazaliwa. Kitu pekee kinachotakiwa kwako ni kutokataa. Hata kujikabidhi kwako usikuhesabu kuwa ndiko kulikokuokoa, maana hapo umejipa kazi isiyo yako. Mtoto wa paka hawezi kujisifu kwamba alilegea kwa ustadi.

Wahubiri hupenda kumtaja Draupadi, malkia wa Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa Kihindu, ambaye walijaribu kumvua sari mbele ya baraza la wafalme. Wanasimulia kwamba alipokuwa kashikilia nguo kwa mkono mmoja na kumwita Krishna huku mkono mwingine kauinua, hakupata kitu. Alipoiachia nguo na kuinua mikono yote miwili, sari ikawa haina mwisho. Na kuna Gajendra, ndovu aliyekamatwa mguu na mamba ziwani, akapambana miaka na miaka, na nguvu zilipomwishia akainua ua la yungiyungi kwa mkonga na kulia, Vishnu akashuka. Mtu wa paka atakwambia: unaona, msaada ulikuja nguvu zilipokwisha. Mtu wa kima atakujibu: nawe unaona, ua aliliinua.

Ila tofauti inayogusa amani ya moyo kuliko zote haiko kwenye ndovu, iko kwenye dhambi. Vadakalai husema Mungu huyafumbia macho makosa ya aliyejikabidhi. Tenkalai wanakwenda mbali zaidi, mpaka wenzao wanakasirika: Mungu huyapenda makosa hayo, kama ng'ombe anavyomlamba ndama aliyezaliwa sasa hivi, na ute na damu vyote, kwa ulimi wake mwenyewe. Hasubiri ndama aoge. Ukiwa na aibu ya zamani inayokuamsha saa nane usiku, jaribu kukaa na picha zote mbili, ile ya mzazi anayegeuza uso asione na ile ya ng'ombe anayelamba. Kwa mwenye hatia nzito, ninavyoona mimi, ya pili inafika kwenye kidonda na ya kwanza haifiki.

Mlango wa paka ni mpana pia kijamii. Bhakti kamili kwa utaratibu wa kale ilidai elimu ya Veda, maandiko matakatifu ya kale, na elimu hiyo walifungiwa wanawake pamoja na watu wa tabaka la chini. Kujikabidhi hakukudai kitu, na hapo pande zote mbili zinakubaliana kwamba ni kwa kila mtu, ingawa Tenkalai ndio walioshikilia jambo hilo kwa sauti kubwa zaidi. Kisa chao wanachokienzi ni cha Tiruppan Alvar, mwimbaji wa tabaka lililodharauliwa, ambaye hakuthubutu hata kukanyaga Srirangam, akimwimbia Mungu kutoka ukingoni mwa mto. Kuhani mmoja alimrushia jiwe apishe njia. Baadaye Mungu akamwamuru kuhani yule yule ambebe mabegani hadi ndani ya hekalu. Kubebwa kwa maana ya neno kabisa.

Ramakrishna, mtakatifu wa Dakshineswar, Bengal, aliyefariki 1886, naye aliutumia mfano huu wa kima na paka mara kwa mara, na yeye alikuwa upande wa paka waziwazi. Kitoto humwita tu mama yake. Akiwekwa jikoni sawa, akiwekwa kitandani kwa tajiri sawa.

Hatari ya paka ni mbili. Ya kwanza ni uvivu, nimeshaigusa. Ya pili ni kubwa, nayo ni kutomtambua anayekubeba: unajikabidhi kwa Mungu, lakini anayepokea ni mtu. Bombay, mwaka 1862, kulikuwa na kesi mashuhuri. Kiongozi mmoja wa dhehebu la Vallabha alimshtaki mwandishi wa habari, Karsandas Mulji, aliyeandika kwamba baadhi ya viongozi hao walitumia kiapo cha waumini cha kutoa mwili, akili na mali kwa Krishna ili kuwadhulumu wanawake. Mwandishi ndiye aliyeshinda. Kwa hiyo weka kipimo hiki mfukoni: mwalimu anayekufundisha kulegea mbele ya Mungu anapaswa kukuacha ukiwa na mkono imara juu ya pochi yako na juu ya mwili wako.

Yule jirani

Dhehebu hilo la Vallabha si la kutupwa kwa kesi moja, na sisi wa pwani tumelijua muda mrefu bila kulijua jina. Ni Pushtimarg, njia ya kulishwa neema, iliyoanzishwa na Vallabha, aliyeishi 1479 hadi 1531, na wafanyabiashara wengi wa Kibhatia kutoka Kachchh waliofungua maduka Muscat na Unguja walikuwa wafuasi wake. Theolojia yake ni ya paka moja kwa moja, kwani neema ndiyo kila kitu. Vallabha alifika hadi ya kuandika kwamba aliyejitoa kwa Mungu asiwe na wasiwasi wa aina yoyote. Lakini tazama maisha yao ya kila siku. Katika hekalu lao kuu la Nathdwara, Rajasthan, Krishna huonwa na waumini mara nane kwa siku, kuanzia anapoamshwa asubuhi hadi anapolazwa, na kila mara ana nguo yake, nyimbo zake na chakula chake.

Niliwahi kupanga nyumba karibu na mama mmoja wa Kigujarati aliyekuwa na Krishna mdogo wa shaba nyumbani. Alimwamsha, akamwogesha, akamvika sweta la kufuma wakati wa baridi. Hakusafiri bila kupata mtu wa kumwachia. Siku moja nikamwuliza: "Mama, wewe unamtunza yeye au yeye anakutunza wewe?" Akacheka, akaniambia nimtazame mjukuu wake aliyekuwa mgongoni kwa yaya, kafungwa mbeleko ya kanga, kalala fofofo, ngumi imeshika kola ya gauni la yaya.

Mtoto wa mbeleko hashiki ili asianguke. Kanga ndiyo inayomzuia. Anashika kwa kuwa anampenda aliye mbele yake. Tangu siku ile naona kwamba kima na paka hawako mbali hivyo kama wanavyodai wenyewe, lakini nimejifunza pia kutomwambia hivyo mtu wa Tenkalai.

Basi uchague ipi?

Usianze na swali la ipi ni kweli, hilo limewashinda wenyewe. Anza na kinachokuibia usingizi.

Kikiwa ni fujo, yaani huna ratiba, huna neno la kurudia, kila siku imani yako inaanza upya, chukua kima. Chagua jina moja na muda mmoja, uvishike siku arobaini kabla hujaamua lolote. Gharama ni saa na usugu, si pesa.

Kikiwa ni kushika kupita kiasi, kwamba unapanga ya watoto, ya mume, ya kazini, ya mwaka kesho, na mabega hayashuki hata ukiwa umelala, basi mizunguko 16 itakuwa kazi ya kumi na saba. Chukua paka. Zoezi lake ni dogo na linauma: jioni taja jambo moja ambalo huliwezi, liseme kwa sauti, kisha usilirudie usiku huo. Likirudi lenyewe, lijibu kwamba limeshawekwa amana.

Kikiwa ni hatia, paka tena, na yule ng'ombe.

Kikiwa ni msiba wa karibuni, sikushauri mojawapo. Mtu aliyefiwa wiki iliyopita asiambiwe alegee wala asiambiwe akaze. Akakae tu pale wanapoimba bhajan, yaani nyimbo za ibada, asikilize, apokee prasad, chakula kilichotolewa kwa Mungu, kwa mkono wa kulia, arudi nyumbani. Hiyo inatosha kwa muda mrefu.

Na kama huwezi chochote kati ya hivi, Gita, kitabu kitakatifu cha mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna, iliwaza juu yako. Katika sura ya 12 Krishna anamshushia Arjuna ngazi: tuliza akili yako kwangu, kama huwezi, fanya mazoezi, kama huwezi hayo, fanya kazi zako kwa ajili yangu, kama hata hilo linakushinda, basi achilia tu matunda ya kazi. Ungetazamia kipato cha chini kwa aliyefika ngazi ya chini. Ubeti wa 12 unasema kinyume: kutokana na kuachilia huko, amani hufuata mara moja. Waalimu wa pande zote mbili wameumiza vichwa juu ya ubeti huo. Mimi nausoma nikiwa nimekaa kwenye daladala, begi mapajani.

Nikiulizwa mimi ni yupi, jibu langu ni kima, na ninajua hivyo kwa sababu nimejaribu upaka mara tatu, na mara zote tatu nilijikuta najiuliza kama ninalegea ipasavyo.